Udongo Mbichi Chini ya Mnara

Komisere Wauters alikuwa ameshapata mhalifu wake kabla hajamaliza kahawa ya asubuhi. Kwa maoni yake, kilichobaki ni Sajini Libérat kumtafutia ushahidi wa kumvisha, kama fundi cherehani anavyotafuta kitambaa cha mteja aliyekwisha kusimama mbele yake.

Mhalifu mwenyewe alikuwa Cyprien, mtunza bustani ya mnara wa ukumbusho. Mnara ulijengwa mwaka huo wa 1956, juu kidogo ya ufuko wa ziwa pale Uvira: jiwe refu jeupe, mnyororo kulizunguka, na majina ya maofisa sita wa Kibelgiji waliokufa katika ile vita kuu ya kwanza, kwenye safari ya kwenda Tabora kuwapiga Wajerumani. Chini ya majina hayo, kwa herufi ambazo mtu sharti ainame ndipo azisome, waliandika: *na wapagazi wao*. Jumapili ndiyo siku ya kukumbuka mwisho wa vita. Bwana mkubwa wa wilaya angeshuka kutoka Bukavu na bendi na mashada ya maua.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na bamba moja la sakafu ya mnara lilikuwa limeng'olewa na kuegemezwa kando. Mahali pake palikuwa na udongo mbichi, uliofukiwa na kushindiliwa vizuri.

"Baruti," alisema Komisere kwa Kifaransa, maana na Libérat alizungumza Kifaransa siku zote, apate kumsahihisha. "Wametega kitu chini ya mguu wa bwana mkubwa. Nimepiga simu Usumbura. Mchana anakuja luteni wa jeshi na mashine ya kutafuta chuma. Akimaliza, wafungwa watachimba."

"Na Cyprien?"

"Jioni kuna lori. Cyprien anahamishwa. Mbali, magharibi kabisa, asikojua mtu, na hatarudi. Nipe jina la aliyemtuma, nitamwacha. Usiponipa, lori lina nafasi."

Libérat Ndihokubwayo alipiga saluti akatoka. Alikuwa na mistari mitatu begani na kasoro moja iliyowaudhi wakubwa wake wote: aliandika alichokiona, na ambacho hakukiona hakukiandika, hata akikaripiwa namna gani.

Pale mnarani alimkuta polisi Ildephonse akilinda udongo kwa bunduki, kana kwamba ungeweza kukimbia.

"Kesi imekwisha, sajini," Ildephonse alimwambia kwa furaha. "Angalia nyayo. Batu babili balitoka hapa ku mnara, bakaingia mu maji. Mutumbwi ilikuwa inabangojea. Sasa beko ng'ambo ya ziwa, Usumbura, banakunywa pombe."

Libérat alizifuata zile nyayo. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha mchanga, nazo zilionekana vizuri. Moja ilikuwa ya mwanamume, bapa, pana. Nyingine ilikuwa ndogo, na kando yake, upande wa kushoto, kila hatua ilikuwa na tundu la fimbo.

"Mutumbwi ukivutwa ku muchanga, unaacha nini?"

"Mufereji."

"Iko wapi?"

Ildephonse aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akakuna kisogo. Mfereji haukuwapo. Libérat alivua viatu, akaingia majini, akatembea kandokando ya matete. Hatua chache mbele aliziona nyayo zilezile, safari hii vidole vimeelekea nchi kavu. Waliingia, wakasimama majini, wakatoka. Hawakukimbia popote.

"Labda balikuwa banaoga," Ildephonse alijaribu.

"Kuoga na jembe? Nipe ile jembe nione."

Jembe lilikuwa limepatikana majanini, hatua mbili kutoka kwenye udongo mbichi. Lilikuwa na namba ya Leta, yaani serikali, iliyochomwa kwenye mpini, na lilikuwa limejaa matope. Hilo ndilo lililomfunga Cyprien. Komisere alikuwa amecheka sana alipoliona.

Kule gerezani Cyprien alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa kijana mnene wa mabega, mpole wa sauti, na hakuinuka.

"Hii jembe ni ya weye?" Libérat alimuuliza.

"Ni ya Leta. Minye nanalimia tu."

"Siku zote unaisafisha?"

"Kila siku. Komisere anaikaguaka."

"Leo umeiacha na matope, mu majani, na namba ya Leta juu yake. Lakini angalia mikono yako. Safi mpaka mu viwiko. Miguu, safi mpaka mu magoti. Mutu mwenye kufanya mubaya anaficha jembe, haoge. Weye umeoga, jembe ukaiacha. Weye si mujinga, Cyprien."

"Andika niko mujinga."

"Siandike kitu sijaona. Kwenu ni wapi?"

Cyprien alisita. Swali lilikuwa dogo mno kulinyima jibu. "Katogota."

Libérat aliitazama tena ile mikono safi. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, na mambo ya kwao hakuyasoma popote, aliyaona. Kule Katogota jembe lililochimba kaburi halichukuliwi siku ileile. Linalala hapo hapo na matope yake. Wachimbaji ndio wanaoteremka kwenye maji wakanawa. Mhalifu yeyote angekumbuka kuficha jembe lile. Mtu aliyetoka kuzika hata lisingempitia akilini.

"Nani amekufa?" aliuliza polepole.

Cyprien aligeuza uso ukutani. "Uliza mapadri. Hakuna mutu amekufa Uvira juma hii."

"Ulimuzika nani, Cyprien?"

"Mutu akiomba kaburi, unamuchimbia. Jina ya mwenye kilio haitangazwe ku polisi. Lori ikuye. Nitapanda."

Libérat alitoka gerezani na wasiwasi mbaya zaidi ya ule aliokuja nao. Kaburi bila kifo kilichotangazwa lina maana moja katika kitabu chochote cha polisi: kuna maiti imefichwa. Alikwenda misheni, padri alisema hakuna maziko. Alizunguka mitaa ya Kilibula na Kimanga nyumba kwa nyumba akiuliza nani hajaonekana. Wote walikuwapo, hata wale ambao wake zao wangefurahi wasingekuwapo. Mmoja tu alikosekana, Basile wa Kimanga, mwuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Mkewe alisema hakulala nyumbani, akalia sana. Libérat aliingiwa na baridi, akaenda mbio mpaka bandarini. Huko alimkuta Basile mzima wa afya, amekaa mkekani kwa mwanamke mwingine, anamenyewa muhogo.

"Sajini, kwa jina la Mungu, usiandike," Basile alimsihi.

"Rudi kwako," Libérat alimjibu. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima kwa ajili ya mtu mwenye kushiba.

Jua lilikuwa la utosini aliporudi mnarani. Ildephonse alikuwa amesimama mbali, chini ya mti wa barabarani, ametazama pembeni kama mtu aliyekaripiwa na mama mkwe. Ndani ya mnyororo, juu ya sakafu ya mnara, palikuwa na mgeni.

Alikuwa mwanamke mzee, ambaye Libérat hakupata kumwona Uvira. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameyapa yale majina sita. Kichwa kilikuwa kimenyolewa wembe, sio zamani. Ngozi yake ilikuwa bado haijapata jua. Fimbo ilikuwa mkono wa kushoto.

"Amekataa kutoka," Ildephonse alinong'ona. "Nilimwonyesha bunduki. Akaniuliza kama mama yangu anajua kazi nanafanya."

Libérat alisogea. "Mama, hapa banakataza kukaa."

"Ba nani?"

"Leta."

"Basi Leta ikuye iniinue."

Alimnyooshea mkono wa salamu. Mwanamke aliutazama mkono ule, asiuguse.

"Sipane mukono. Niko mu kilio. Na ondoa kiatu, unamukanyaga ku kichwa."

Libérat alitazama chini. Ncha ya kiatu chake ilikuwa juu ya ule udongo mbichi. Alikiondoa upesi kuliko alivyowahi kutii amri ya Komisere.

"Ni weye uliingia mu maji na Cyprien," alisema. "Fimbo ku kushoto. Mulizika, mukanawa. Nani iko hapa chini, mama? Sema sasa, mbele yangu. Kama kuna mutu aliuawa..."

"Kuuawa aliuawa. Lakini si na minye." Mwanamke aliweka fimbo mapajani. "Minye niko Domitille Niyonsaba, wa Katogota. Hapa iko bwana yangu, Hatungimana."

"Alikufa lini?"

"Sijui. Njo maana sikumuzika mupaka jana usiku."

Libérat alichuchumaa. Mwanamke hakupunguza sauti hata kidogo, na hakulia. Alizungumza kama mtu anayedai haki yake barazani.

"Alikuwa juu ya ghala, anaezeka. Askari ba Leta bakakuya. Bakamwambia shuka. Akasema nimalize kwanza, mvua iko karibu. Bakamushusha na kitako ya bunduki. Bakamufunga kamba ku shingo, yeye na wenzake, bakababebesha masanduku ya risasi. Kwenda Tabora. Bengine balirudi. Yeye hakurudia. Batu bakaniambia, olewa tena. Nikasema minye si mujane, sijaona kaburi. Bakaniambia, basi lia. Nikasema siwezi kulia mutu sijazika. Nimekaa hivyo, sajini. Si bibi, si mujane. Mupaka nimezeeka."

"Na kwa nini leo?"

"Padri alisema mu kanisa, Leta imejenga jiwe ya batu balikufa mu vita. Nikasema, kumbe Leta ina haya kidogo. Nikatembea mupaka hapa. Nikaomba katekista anisomee. Bazungu sita. Hatungimana haiko."

"Kuna neno *wapagazi*, mama. Hapa chini."

"Mupagazi ni kazi. Si jina. Weye utazikwa na jina ya kazi yako?"

Libérat alirudisha macho kwenye ule udongo. "Umezika nini?" aliuliza.

"Mugomba. Shina moja, urefu wa mutu, kutoka mu shamba yake mwenyewe. Nimeufunga mu mukeka, lori ya ndizi ikauleta, nikaulaza kama tunavyolaza mutu mwenye mwili yake haikurudia. Cyprien alinichimbia. Nilimwambia tu niko na kilio na ninataka kaburi. Hakuniuliza mara ya pili."

"Ungemuzika Katogota. Hakuna mutu angekusumbua."

"Katogota njo ilimuchukua?" Domitille aligonga sakafu kwa fimbo. "Leta ilimuchukua. Basi Leta imutunze. Ikate majani juu yake, ipake chokaa, ipige muziki Jumapili. Sasa andika jina yangu, uachie ule kijana. Sikukuya kukimbia."

Libérat alikuwa na jina alilotakiwa kuleta. Angeweza kulipeleka sasa hivi, Cyprien akalala kwake. Lakini alijua vizuri mambo yangeendaje baada ya hapo: wangechimba, wangelitoa shina la mgomba kwa koleo, wangelitupa ziwani huku wanacheka, na mwanamke huyu angerudi Katogota akiwa si mke wala mjane mpaka afe. Hasira ilimpanda, hasira safi kabisa, isiyo na woga ndani yake. Alitoa karatasi za ripoti, akaziweka gotini, akaanza kuandika alichokiona. Aliandika taratibu, akasaini, akamwomba Domitille aweke kidole.

Alipokuwa anakausha wino, gari la Komisere liliingia. Luteni wa Usumbura, Mbelgiji kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alitangulia na mashine yake. Nyuma walifuata wafungwa wawili na makoleo.

"Huyu kikongwe ni nani?" Komisere aliuliza.

"Ndiye mwenyewe, Bwana Komisere. Aliyemtuma Cyprien."

Komisere alicheka kwa furaha. "Umeona? Na uliniletea uso wa mazishi asubuhi! Mwondoe hapo."

Domitille hakuondoka. Luteni alimzunguka hapohapo alipokaa, akapitisha mashine juu ya udongo mara ya kwanza, mara ya pili. Mashine ilikaa kimya.

"Hakuna chuma," alisema. "Hakuna baruti. Kazi yangu imekwisha."

"Basi chimbeni," Komisere aliwaamuru wafungwa.

Yule mkubwa wao aliingia ndani ya mnyororo na koleo begani. Alikiona kichwa kilichonyolewa. Akauona udongo, umbo lake, urefu wake. Akaliweka koleo chini kwa adabu.

"Bwana, minye nilifungwa juu ya mbuzi," alisema. "Kufukua kaburi haiko mu kifungo yangu."

Mwenzake alikwisha kurudi nyuma ya gari. Komisere alimtazama Ildephonse. Ildephonse aliitazama bunduki yake kama anayehesabu risasi, na hakusogea.

"Kaburi gani?" Komisere alimgeukia Libérat, shingo imeiva.

Libérat alisoma ripoti yake kwa Kifaransa, neno kwa neno. Alipofika kwenye shina la mgomba, Komisere alimkata.

"Mgomba! Unataka serikali ivue kofia mbele ya ndizi?"

Domitille alikuwa ameshika maneno ya kutosha. Alimsemesha Komisere mwenyewe, kwa Kiswahili, kama anavyosemeshwa jirani aliyeachia mbuzi wake shambani.

"Weye, Komisere. Hawa bazungu sita, beko hapa chini?"

Komisere alijibu kabla hajakumbuka kwamba hakupaswa kujibu. "Hapana. Walizikwa kulekule, njiani."

"Basi chini ya majina yao iko nini?"

"Saruji."

"Minye nimeweka kitu ilikuwa na uzima, kutoka mu shamba ya mwenyewe. Weye umeweka saruji. Nani kati yetu amezika muzuri?"

Luteni alijishughulisha sana na mkanda wa mashine yake. Komisere alinyakua koleo lililolala chini, akapiga hatua mbili mpaka ukingoni mwa udongo. Domitille alibaki palepale amekaa, miguu amenyoosha. Ili achimbe, ilimbidi kwanza amguse yeye.

"Bwana Komisere," Libérat alisema, na sauti yake ilikuwa shwari kuliko alivyotarajia. "Sheria ya serikali inamwadhibu mtu anayevunja kaburi. Haimbagui aliyeshika koleo. Mimi nimeandika kwamba hili ni kaburi, nimesaini, na Bwana Luteni ni shahidi kwamba ulisomewa kabla ya kuchimba. Ukianza, nitaandika na hilo. Nitaandika tu nitakachokiona."

"Unanitisha mimi?"

"Sikutishi. Ripoti hii itakwenda kwa hakimu, na nakala yake itamkuta bwana mkubwa wa wilaya hapahapa Jumapili. Nataka iwe sahihi."

Barabarani watu wa sokoni walikuwa wamesimama na vikapu vyao, na kila dakika waliongezeka. Komisere aliwatazama. Alimtazama luteni, ambaye hakumsaidia. Akaona, bila shaka, Jumapili yake yote: bendi, mashada, shimo wazi katikati, na hakimu akiuliza maswali. Alilitupa koleo.

"Rudisheni bamba," alisema. "Lifunikeni. Sitaki kuona udongo. Nani anajua kulilaza likakaa sawa?"

"Cyprien peke yake," alisema Ildephonse haraka, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema jambo la maana. "Hakuna mwingine Uvira."

"Mleteni! Na lori liende zake bila yeye!" Komisere alimjia Libérat mpaka pua kwa pua. "Na wewe. Mistari hiyo. Itoe."

Libérat alifungua vifungo, akaitoa mistari ya usajini begani, upande huu, kisha upande huu. Ilikuwa imemchukua ujana wake wote kuipata, na iliuma, asidanganye mtu. Akamwekea Komisere mkononi. Komisere aliisokomeza mfukoni.

Cyprien aliletwa mbio, bado na majani ya gerezani kwenye nguo. Alimpita Komisere bila kumwona, akaenda kulipima bamba kwa shubiri. Hapo ndipo Domitille alipoegemea fimbo yake akasimama. Hakuna aliyemsaidia, na alionekana hataki. Aliinama, akaushindilia mwenyewe ule udongo mara ya mwisho kwa kiganja, akainua uso, akaita kwa sauti ya kilio iliyofika mpaka kwa wenye mitumbwi:

"Hatungimana!"

Barabarani mtu alivua kofia. Wafungwa wawili walivua za kwao.

"Hatungimana!"

"Sajini!" Komisere alifoka. "Mwambie mwanamke huyo anyamaze!"

Libérat aligeuka, mabega yake yako wazi.

"Usajini umo mfukoni mwako, Bwana Komisere," alisema. "Mwambie mwenyewe. Amesimama pale."

Komisere alifungua kinywa. Domitille alikuwa amekwisha kumgeukia, fimbo mkono wa kushoto, anamngoja aseme. Alimngoja vya kutosha. Alipoona hasemi, akajaza kifua pumzi, akamwita mume wake tena.